Lugha ya Wazimamoto: Historia ya Uamrishaji wa Matukio na Istilahi Zake

Miongoni mwa kazi zinazomfikia mfasiri wa serikali ni kutafsiri miongozo ya mafunzo ya askari wa zimamoto. Aitazamapo kazi hiyo kwa mara ya kwanza huidhani kuwa nyepesi, kwani moto ni moto, maji ni maji, na ngazi ni ngazi. Lakini akisha kuvuka kurasa za vifaa na kuingia katika sura za uamrishaji, yaani nani amwamuru nani, kwa maneno gani, na nani aondoke wapi kwa amri ya nani, hukuta kwamba kila neno limebeba roho ya mtu. Katika makala haya twakusudia kueleza jinsi lugha hiyo ya uamrishaji ilivyozaliwa huko Marekani, kwa kuwa ndiko ilikotoka mingi ya miongozo hiyo. Kisha tutatazama madai machache ambayo historia hiyo inatutolea sisi tunaoiingiza katika Kiswahili. Namna ya kuzima moto hatutaieleza. Kazi hiyo ina wenyewe.

Tuanze na bonde la Mann Gulch katika jimbo la Montana, tarehe 5 Agosti 1949. Siku hiyo wazimamoto 15 waliruka kwa miavuli kutoka ndegeni wakazime moto wa msituni, na huko chini wakakutana na mlinzi mmoja wa msitu aliyekuwa ametangulia. Redio yao iliharibika, kwa kuwa mwavuli wake haukufunguka. Kabla jua halijatua, moto uliruka bonde, ukashika nyasi kavu, ukaanza kupanda mlima nyuma yao kwa kasi ipitayo mbio za binadamu. Kiongozi wao, Wagner Dodge, alipoona kuwa hawataufikia ukingo wa juu, alitoa kiberiti akawasha nyasi zilizokuwa mbele yake. Kisha akawaita wenzake waingie pamoja naye katika jivu la moto huo mdogo, ambapo moto mkubwa usingekuta cha kula. Hakuna aliyemfuata. Dodge alilala kifudifudi jivuni akaokoka. Wengine wawili walipenya katika ufa wa majabali, nao wakaokoka. Watu 13 walikufa.

Mengi yameandikwa juu ya mkasa huo, na kitabu cha Norman Maclean kilichotoka mwaka 1992, baada ya kufa kwake mwandishi, kimesomwa na wengi. Sisi tunashikwa na jambo moja. Kile alichofanya Dodge hakikuwa na jina katika mafunzo ya wale vijana. Wenyeji wa nyika za Marekani walijua tangu zamani kuwasha nyasi ili wajiokoe, lakini waruka kwa miavuli hawakufundishwa jambo hilo. Kwa hiyo halikuwapo neno ambalo Dodge angelipaza sauti nalo likaeleweka. Kwa macho ya wenzake, kiongozi alikuwa akiwasha moto mbele ya moto. Leo jambo hilo linafundishwa na lina jina lake, nasi twaweza kuliita 'moto wa kuokokea'. Ni maneno matatu yanayotamkika kwa pumzi moja. Hatusemi kwamba neno peke yake lingewaokoa. Twasema kwamba palipokosekana neno ilikosekana hata nafasi ya kujaribu.

Misiba haikukoma hapo. Moto wa Rattlesnake wa mwaka 1953 uliua watu 15, na ule wa Inaja wa mwaka 1956 uliua 11, yote miwili katika jimbo la California. Mwaka 1957 kamati iliyoundwa na mkuu wa Idara ya Misitu ya Marekani, Richard McArdle, ilitoa amri kumi za msingi, zilizoandikwa kwa kufuata mfano wa amri za kudumu za majeshi. Amri hizo zahimiza mambo ambayo mtu angedhani hayana haja ya kuandikwa: kujua habari za hali ya hewa, kujua moto unafanya nini, kuwa na njia ya kukimbilia na kila mtu aijue, kuweka mwangalizi panapokuwa na hatari. Miongoni mwake imo iliyo yetu hasa, nayo yataka maagizo yawe wazi na mtoaji ahakikishe kwamba yameeleweka. Kamati ile ilikuwa ya watu wa misitu wala si ya wanaisimu, na bado iliona ni lazima iandikwe kwamba kutamka hakutoshi.

Amri hizo zina kisa kingine kinachotuhusu. Mpangilio wake wa kwanza ulifuata mwendo wa kazi yenyewe, mtu aanze na hali ya hewa na tabia ya moto, aendelee na usalama wake, ndipo afikie kupambana. Katika miaka ya 1980 zilipangwa upya ili herufi zake za mwanzo zifanye maneno mawili ya Kiingereza yenye maana ya 'amri za moto'. Kusudi lilikuwa jema, la kuisaidia kumbukumbu. Lakini mpangilio mpya ulivuruga mwendo ule wa fikra. Baadhi ya wakongwe wa kazi hiyo walilalamika, na mwanzoni mwa karne hii amri zikarudishwa katika mpangilio wa zamani. Wapenda vifupisho, nasi tumo, na wakitafakari kisa hicho. Aidha, mfasiri anayevipokea vifupisho vya namna hiyo hurithi hasara yote bila faida, kwa sababu herufi zile katika Kiswahili hazifanyi neno lolote.

Afadhali njia ya Paul Gleason, mzimamoto mzoefu wa misituni, ambaye mwaka 1991 aliyafupisha mafunzo yote ya usalama katika mambo manne: mwangalizi, mawasiliano, njia za kukimbilia, na eneo salama. Mambo hayo manne yanafungamana. Mwangalizi asiye na mawasiliano ni shahidi tu wa msiba, na njia ya kukimbilia isiyofika kwenye eneo salama si njia.

Hata hivyo, mpaka hapo lugha tunayoizungumzia ilikuwa ya idara moja. Kilichoigeuza kuwa lugha ya wote ni mioto ya California ya mwaka 1970. Kwa muda wa siku 13, mwezi wa Septemba na wa Oktoba, upepo mkavu utokao bara uliisukuma mioto mingi kwa pamoja. Watu 16 walikufa, majengo zaidi ya 700 yaliteketea, na ekari zaidi ya nusu milioni ziliungua. Wazimamoto walimiminika kutoka miji, wilaya, jimbo na serikali ya shirikisho. Walikuwa wengi, tena hodari. Uchunguzi uliofuata haukulaumu uhaba wa watu wala woga wao. Ulikuta kwamba redio za idara moja hazikusikia za nyingine. Kwamba kila idara ilikuja na muundo wake wa madaraka. Kwamba watu wengi mno waliripoti kwa msimamizi mmoja, na wengine hawakujua waripoti kwa nani. Na kwamba vitu vilevile viliitwa kwa majina mbalimbali, na jina moja likaitwa vitu mbalimbali.

Wahenga wetu walisema manahodha wengi, chombo huenda mrama. Methali hiyo yaeleza nusu ya habari ya California. Nusu ya pili ni kwamba manahodha wale, hata kama wangekubaliana nani ashike usukani, kila mmoja angaliita usukani kwa jina lake.

Mfano unaotupendeza ni wa 'tanka'. Katika sehemu nyingi za mashariki ya Marekani, mzimamoto aliyeomba tanka aliletewa lori la maji. Huko California aliyeomba tanka aliletewa ndege ya kumwaga dawa ya kuzuia moto. Hebu msomaji afikiri: mtu yuko kileleni, mpira wake umekauka, anaomba tanka mara tatu redioni, na kila mara anajibiwa kwamba linakuja. Wote wawili wanasema kweli. Katika istilahi zilizosanifiwa baadaye, neno hilo liliachiwa ndege peke yake, na lori la maji likapewa jina lingine kabisa.

Baada ya mioto ile, Bunge la Marekani liliipa Idara ya Misitu fedha za kutafuta dawa ya mvurugano huo. Idara hiyo ilishirikiana na idara ya misitu ya jimbo, ofisi ya gavana ya mambo ya dharura, zimamoto ya jiji la Los Angeles, na zimamoto za wilaya za Los Angeles, Ventura na Santa Barbara. Ushirika huo ulijulikana kwa jina la FIRESCOPE. Ulipotajwa mara ya kwanza, wengi walitazamia matunda ya mitambo, yaani redio mpya, ramani mpya na hesabu za kompyuta. Mitambo haikukosekana, lakini tunda lililodumu lilikuwa muundo wa uamrishaji pamoja na msamiati wake. Mwaka 1976 idara hizo zilikubaliana rasmi juu ya istilahi na taratibu za pamoja, zikaanza kuzijaribu kazini, na kufikia mwaka 1980 sehemu za mfumo huo zilikuwa zimetumika katika mioto mikubwa ya misitu na ya mijini. Tunaomba tarehe hizo zisipitwe upesi. Miaka kadhaa ilipita kati ya kuanza kazi na kukubaliana, na sehemu ya miaka hiyo ilitumika na watu wazima, wenye vyeo, wakibishana juu ya majina.

Waliamua nini? Kwanza, tukio liwe na kamanda mmoja, na kila mtu awe na msimamizi mmoja tu. Pili, msimamizi asiwe na watu chini ya watatu wala zaidi ya saba, na watano ndiyo idadi bora. Tatu, chini ya kamanda ziwepo sehemu za utendaji, mipango, ugavi, na fedha na utawala. Na pembeni yake wawepo maofisa wachache, akiwamo ofisa wa usalama, ambaye ana mamlaka ya kusimamisha papo hapo kitendo chochote cha hatari. Mamlaka hayo si madogo. Mafunzo ya usalama yangebaki mahubiri matupu kama asingalikuwapo mtu ambaye neno lake moja laweza kusimamisha kazi.

Uamuzi uliotuvutia sisi zaidi ni ule wa majina ya vyeo. Waundaji wa mfumo waliweka ngazi ya majina ambayo kila jina lina daraja yake na halitumiki penginepo: kamanda, mkuu wa sehemu, mkurugenzi wa tawi, msimamizi wa eneo au wa kundi, kiongozi wa kikosi. Majina hayo ni ya tukio, si ya ofisi. Mkuu wa zimamoto wa mji fulani akija kusaidia aweza kuwa kiongozi wa magari matano, na kijana wa cheo cha chini huko kwao, aliye na ujuzi unaotakiwa, aweza kumsimamia. Tukio likiisha, kila mtu hurudi kwenye cheo chake. Ndiyo maana majina yalichaguliwa kwa kuepuka vyeo vya kawaida. Hata neno 'tukio' lilichaguliwa badala ya 'moto' kwa kuona mbali, na mfumo ulipofika kwenye mafuriko na matetemeko ya ardhi haukuhitaji kubatizwa upya.

Vivyo hivyo kwa vikosi. Magari matano ya aina moja chini ya kiongozi mmoja yana jina lake, na mchanganyiko wa magari, mitambo na watu una lingine. Anayeomba kikosi cha namna ya kwanza anajua hesabu ya kitakachofika kabla hakijafika. Sisi tungependekeza 'kikosi cha aina moja' na 'kikosi mchanganyiko'.

Mfumo ulipokuwa ukienea ulikutana na desturi ya zamani ya kusema kwa tarakimu. Polisi wa Marekani walianza katika miaka ya 1930 kutumia namba badala ya sentensi ili kuokoa muda wa redio, na idara nyingine zikaiga. Baada ya muda kila mji ulikuwa na orodha yake, na namba iliyomaanisha jambo dogo huku ilimaanisha hatari kule. Waundaji wa mfumo mpya walitaka lugha ya wazi, isemwe na ieleweke na mgeni. Ushindani huo ulichukua muda mrefu. Baada ya amri ya Rais ya mwaka 2003 na kutolewa kwa mfumo wa kitaifa mwaka 2004, serikali ya shirikisho iliweka sharti kwamba, tangu mwaka wa fedha wa 2006, idara zinazotaka fedha zake za maandalizi zitumie lugha ya wazi katika matukio yanayozihusu idara nyingi. Kwa hiyo ilichukua karibu miaka 30 na tishio la mfuko ili watu waache kusema namba.

Tusidhani kwamba istilahi iliyosanifiwa humaliza kila kitu. Tarehe 30 Juni 2013, huko Yarnell Hill katika jimbo la Arizona, wazimamoto 19 wa kikosi kimoja walikufa, ingawa walilelewa katika lugha hiyohiyo. Walikuwa wameondoka katika eneo lililokwisha kuungua, ambalo kwa kawaida ni salama. Taarifa rasmi ya uchunguzi ilisema kwamba wengine kazini walidhani bado wamo humo, na kwamba mazungumzo ya redio ya saa ile hayakuwa wazi. Istilahi zilikuwepo, lakini zilisemwa bila kutaja ni eneo lipi na ni njia ipi.

Na tutazame sasa Kiswahili. Kazi haianzii kwenye ukurasa mtupu. Neno 'zimamoto' lenyewe lina historia, tena si nyeupe. Katika enzi za ukoloni, hasa nchini Kenya na Uganda, 'wazimamoto' lilikuwa jina la watu waliovumishwa kuwa hukamata binadamu na kunyonya damu yao, kama Tanganyika walivyovumishwa mumiani. Mwanahistoria Luise White ameuchunguza uvumi huo kwa kirefu katika kitabu chake cha mwaka 2000. Neno limekwisha kutakasika, na leo mtoto wa shule hulitamka bila hofu. Lakini linatukumbusha kwamba jina la chombo cha kuokoa laweza kumfukuza anayeokolewa.

Jambo la pili ni la uwiano. Tanzania Bara ina Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, lililowekwa kwa Sheria Na. 14 ya mwaka 2007. Zanzibar ina Kikosi cha Zimamoto na Uokozi. Uokoaji na uokozi ni ndugu wa tumbo moja, wala hatuoni haja ya kuwagombanisha. Anayehitaji msaada huwaelewa wote wawili. Hatari iko katika 'kikosi'. Ikiwa upande mmoja 'kikosi' ni taasisi nzima, na katika mwongozo uliotafsiriwa ni magari matano, basi tumejitengenezea tanka letu wenyewe. Ndiyo sababu pendekezo letu la hapo juu halisemi 'kikosi' kavu, bali daima hukiongezea sifa yake.

La tatu, na ndilo zito kuliko yote, ni jina la yule wa juu. Wafasiri wengi huandika 'kamanda wa tukio', na kwa kamusi hawakukosea. Lakini kamanda nchini kwetu ni cheo kinachofahamika: kamanda wa polisi wa mkoa, kamanda wa zimamoto wa mkoa. Wakifika makamanda watatu mahali pa moto, na redio ikasema 'kamanda anaagiza', ni yupi? Wapo wanaopendelea 'mkuu wa tukio'. Hilo tunalikataa bila kusita. Mkuu wa wilaya akifika, kila mtu atamwita mkuu. Na siku hizi hata dereva wa bodaboda humwita abiria wake mkuu. 'Kiongozi' linahitajiwa ngazi ya chini. 'Amiri' ni la Amiri Jeshi Mkuu, tuliache lilipo. Baada ya kuyapima hayo tunaona afadhali kubaki na 'kamanda wa tukio', kwa sharti kwamba redioni lisikatwe kamwe, na kwamba litanguliwe na jina la mahali: 'kamanda wa tukio Kariakoo'. Litakuwa refu kidogo. Urefu huo ndio bei ya kutogonganisha watu.

Kuhusu tanka, tuna bahati. Wasemaji wamekwisha kutuundia 'boza', nalo haliwezi kuruka. Mfasiri asilifukuze kwa kulidhani ni neno la mitaani. Ndege aiite ndege.

Liko pia suala la hali za moto. Miongozo hutenganisha hali tatu. Ya kwanza ni moto uliokwisha kuzungushiwa mpaka pande zote. Ya pili ni moto ambao mpaka wake unatazamiwa kushika. Ya tatu ni moto uliokwisha kabisa. Magazeti yetu husema 'umedhibitiwa' kwa zote tatu, na pengine kwa hali isiyokuwa yoyote kati yake. Tunapendekeza 'umezingirwa', 'umedhibitiwa' na 'umezimwa', kila moja mahali pake. Tofauti hiyo si ya urembo. Mwezi Oktoba 2020 moto ulipowaka Mlima Kilimanjaro, walioupanda mlima kuukabili walitoka penginepo: askari wa hifadhi, askari wa zimamoto, wanafunzi wa Chuo cha Mweka, na wananchi wa vijiji vya chini. Katika mchanganyiko wa namna hiyo, anayesikia 'umedhibitiwa' aweza kufunga mzigo wake na kushuka, wakati aliyesema alimaanisha kwamba kazi ya usiku ndiyo inaanza.

Limebaki neno moja ambalo hatujaridhika nalo. Yule mtu anayewekwa mahali pa juu autazame moto na awaonye wenzake, tumemwita 'mwangalizi' katika makala haya. Lakini mwangalizi ni wa uchaguzi pia, na wa watoto, tena ana harufu ya mtu anayetazama tu asiseme. 'Mlinzi' ni wa geti. 'Doria' hutembea, ilhali huyu yapasa akae. Neno tunalolitafuta liwe na silabi chache, lisifanane redioni na jina lingine lolote la cheo, na ndani yake muwe na kuona na kuonya kwa pamoja. Walimu wa vyuo vya zimamoto, askari wa hifadhi, na watu wa pwani wanaojua jina la anayekaa mbele ya chombo kuangalia miamba, wanaombwa watuletee neno wanalolitumia wenyewe, pamoja na maelezo ya mahali linaposemwa, ili lipimwe kabla orodha haijapelekwa kupitishwa.